Rangi ya Gari Lililotupita

Mwalimu wangu wa gari hakuwahi kunipigia kelele. Hakuwa na haja. Alikuwa na pedali yake mwenyewe ya breki, pale chini upande wa abiria, na mguu wake wa kulia ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wa mtu yeyote niliyepata kugombana naye. Unakwenda vizuri, umeanza kujiamini, unafikiria hata mambo mengine, mara gari linasimama, mkanda unakukaba kifua, na yeye ametulia anatazama mbele kama mtu aliyepewa lifti. "Umeona nini?" atakuuliza. Hukuona kitu. Basi somo la siku ile ndilo hilo.

Jina lake silitaji, maana anajua ninapokaa. Alizaliwa lini na kwa nani sikumuuliza; kwetu sisi, ambao wazee wetu walitoka Unguja wakaja Muscat, swali kama hilo likishaulizwa hakuna anayerudi nyumbani mapema. Wanawake wa rika langu humwita Mwalimu, basi, na hakuna anayeuliza mwalimu yupi, ingawa miongoni mwetu wamo walimu wa hesabu, wa Kurani na, kwa bahati mbaya ya vijana wa chuo kikuu, mimi.

Mimi aliniita Bi Msomi. Nilipokwenda kwake kujifunza nilikuwa nimekwisha kupata shahada ya pili, na nilidhani kuendesha gari ni jambo la kufahamu tu. Mtihani wa hapa, kabla askari hajakuruhusu kuingia barabarani, ni kurudi kinyumenyume baina ya mapipa bila ya kuyagusa. Niliyagusa mapipa yale, kabla sijafaulu, mara nyingi kuliko wanavyojua watoto wangu. Siku moja baada ya kufeli nilikaa garini nikamweleza Mwalimu, kwa utulivu na kwa mifano, kwamba tatizo liko kwenye pembe ambayo gurudumu la nyuma huingilia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa shuka umweleze pipa."

Alikuwa na swali moja ambalo wanafunzi wake wote tunalijua. Gari likitupita, analiacha lipotee kwanza, kisha anauliza bila ya kugeuza shingo: "Lilikuwa na rangi gani?" Ndiyo njia yake ya kujua kama unatazama vioo. Mimi nilijibu kila mara, "Jeupe." Muscat magari mengi ni meupe, kwa ajili ya jua, na niliona bora kubahatisha kuliko kutazama kioo na kubaki barabarani kwa wakati mmoja. Siku moja aliniuliza na hakuna gari lolote lililotupita. Nikasema jeupe. Akakanyaga breki, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Msije mkadhani alikuwa hakosei. Alikuwa na yakini kwamba kila ugonjwa wa gari ni betri. Gereji yake ilikuwa Wadi Kabir, kwa fundi mmoja Mbangladeshi aliyezoea kumsikiliza kwa heshima, kumbadilishia betri, halafu kutengeneza kilichoharibika. Walisemezana kwa Kiarabu cha kazini, Kihindi cha sinema na Kiswahili ambacho fundi alikiokota kwake, hususan matusi madogo madogo. Alihubiri subira barabarani lakini honi alikuwa nayo karibu. Alikataza kula ndani ya gari, na chini ya kiti chake palikuwa na kopo la mkate wa ufuta. Alisema mwanamke hana haja ya gari la fakhari, na kila Alkhamisi jioni alikwenda Wattaya kwenye maduka ya magari mapya, akaingia moja baada ya jingine, akafunga mlango kusikiliza unavyolia, akashika usukani, akamwambia muuzaji, "Breki ya mkono mmeitia wapi? Hiki ni kitufe cha lifti." Kisha anashuka kwa huzuni kidogo, kama mtu anayetoka harusini, na kurudi kwenye gari lake la zamani la kufundishia, ambalo hata baada ya kustaafu hakutaka pedali ya pili ing'olewe.

Gari lile ndilo lililokuwa maisha yake. Alikuwa mjane, anakaa peke yake, na hakuna khitma, hospitali wala mzazi mpya mjini humu ambaye hakufikiwa na Mwalimu kabla ya jamaa wa damu. Aliwapakia wanawake wasioendesha, aliwapeleka, aliwangoja, aliwarudisha. Jambo aliloliogopa kuliko yote alinambia mwenyewe, kwa maneno machache: "Mimi sitaki kuwa mtu wa kuvaa abaya nikakaa sebuleni kungoja honi ya mtoto."

Safari ya Italia aliianzisha yeye. Mtu alimpelekea kwenye simu picha za watalii waliopanda skuta, hizo ambazo sisi tunaziita vespa, wakipita kwa mlolongo kwenye mashamba ya mizabibu wakiongozwa na mwenyeji. Alizitazama kwa siku kadhaa kabla hajanionyesha. Ujanani Unguja kaka yake alikuwa na vespa, naye alipandishwa nyuma, ubavuubavu, miguu upande mmoja, buibui limekusanywa mapajani. Kuishika usukani hakuruhusiwa hata ikiwa imezimwa. "Muscat nlijifunza gari," alisema, "kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuwa akinijua wa kunikataza. Lakini vespa bado inanidai."

Nikamkumbusha kwamba mashamba yale ni ya mvinyo.

"Mvinyo uko kwenye chupa. Mimi nakwenda kutazama zabibu. Zabibu zina kosa gani?"

"Watu watasema."

"Watu walisema nlipoanza kuendesha. Wakachoka. Wakaja kujifunza."

Nikakubali kwenda naye. Niliwaeleza wenzangu wa chuoni kwamba nakwenda kuangalia uhusiano wa mandhari na kumbukumbu. Ukweli ni kwamba niliogopa kukataa.

Tulifanya mazoezi Ghala, mtaa wa viwanda, asubuhi ya Ijumaa, karakana zimefungwa na barabara ni tupu na pana. Fundi wa Wadi Kabir alituazima skuta ya mfanyakazi wake na akaja kuiangalia, maskini, kama mtu aliyeazimisha mtoto. Mwalimu alifunga ncha za abaya kwenye vifundo vya miguu kwa vibanio vya kuanikia nguo, akapanda, akaenda, akarudi. Yalikuwa mambo ya dakika chache. Zamu yangu ikafika. Mbele yangu palikuwa na barabara nzima na, kwa mbali, pipa moja kubwa la taka. Sitaki kuyarefusha. Fundi alisema neno kwa Kiswahili ambalo sikujua kwamba analijua.

Wiki ya kuondoka, binti yake mkubwa alikuja ofisini kwangu. Anafanya kazi wizarani, ni mtu wa mpangilio, na alikaa bila ya kuegemea.

"Dada, nna ombi. Mama amelikwaruza gari kwenye nguzo ya geti. Mara ya pili hii. Upande ule ule, wa kushoto. Nikimuuliza anasema nguzo imesogea."

"Labda betri," nikasema.

Hakucheka. "Macho hataki kupimwa. Ndugu zangu wanataka tumchukulie funguo, mimi nasema tungoje. Wewe unakwenda naye, utamwona anavyoendesha mahali asipopazoea. Ukirudi ukatwambia hawezi, tutachukua. Kwako wewe hatobisha."

Ndivyo nilivyoteuliwa kuwa mtahini wa Mwalimu, mimi, mwenye historia ile na mapipa. Nilitaka kusema sifai. Badala yake nilisema, "Inshallah," ambalo kwetu ni jibu la mtu anayetafuta mlango, na yeye akalichukua kama ahadi.

Toskana ni vilima juu ya vilima, na Mwalimu alipoviona tu alisema ni Jabal Akhdar, milima yetu ya Oman, iliyotiwa maji. Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kuvuta sigara. Alitupanga uani, wageni kutoka nchi mbalimbali, akatutaka kila mmoja azunguke mara moja aone kama tunaweza. Mwalimu alizunguka kama anayekwenda kununua mkate. Mimi nilizunguka nusu. Nusu ya pili niliimaliza ndani ya vyungu vya maua vilivyopangwa ukutani, na kiongozi alinisaidia kunyanyuka, akaninyang'anya ufunguo kwa upole, akanionyesha kiti cha nyuma cha skuta ya Mwalimu.

"Karibu, Bi Msomi," alisema Mwalimu. "Kaa vizuri. Usifikiri."

Basi nilikaa nyuma, nimemkumbatia kiuno mtu niliyetumwa kumpeleleza, kofia zetu zikigongana kila akipunguza mwendo. Na nilijikuta nafanya jambo la ajabu: kwenye kila kona mguu wangu wa kulia ulikanyaga hewa, ukitafuta pedali.

Kituo cha kwanza kilikuwa shamba la familia, wenyewe wameandaa meza chini ya kivuli. Kiongozi aliwaeleza kwamba sisi wawili hatunywi mvinyo, wakatuletea maji ya zabibu ndani ya bilauri zilezile ndefu. Matamu, ya baridi. Nilipotosheka nikaitikisa bilauri. Kila aliyelelewa Muscat hufanya hivyo bila ya kufikiri: kikombe cha kahawa usipokitikisa, mwenye nyumba atakumiminia mpaka kesho, ukikitikisa, amejua basi. Mama wa shamba aliiona bilauri yangu inavyozunguka, uso ukamng'aa, akakimbia ndani akaleta chupa nyingine, zabibu za aina nyingine. Nikanywa kwa adabu. Nikatikisa. Akaleta ya tatu. Mwalimu naye, ili kunisaidia, akatikisa ya kwake kwa nguvu zaidi. Kumbe wao ndivyo wanavyofanya kuonyesha kwamba mtu anajua anachokinywa, na sisi, tusiokunywa kitu, tulikuwa tumekwisha kuwa mabingwa wa meza ile. Kiongozi alitupigia picha. Nimesoma sana kuhusu mambo haya ya tamaduni, nayafundisha hata, na sikung'amua mpaka tumbo lilipokuwa linalia kama kiriba.

"Ziweke chini hizo bilauri," alininong'oneza Mwalimu. "Usishike kitu chochote tena."

Baada ya hapo njia ilikuwa nyembamba, mizabibu pande zote mbili imefika mabegani. Kundi lilitangulia kidogo. Mwalimu alikuwa anaimba kitu kwa sauti ya chini, mgongo umenyooka, na mimi nilikuwa nimekwisha kuitunga kichwani ripoti yangu kwa binti yake: anaweza, anaweza kuliko sisi sote, msiniulize tena. Trekta likachomoza kutoka baina ya mizabibu, upande wa kushoto. Halikwenda mbio. Lilikuwa kubwa kama nyumba na lilikuwa wazi kabisa, nami nilingoja mwendo upungue, na haukupungua, na wimbo uliendelea. Nikambana ubavu wa kushoto kwa vidole vyote.

Alisimama vizuri, kwa breki mbili, bila ya kuteleza. Trekta lilipita mbele yetu. Dereva wake alitupungia mkono.

"Nilimwona," alisema Mwalimu.

Aliondoa skuta, tukaenda polepole. Hakuimba tena. Tulipita nyumba ya mawe, tukapita kisima, ndipo aliposema, bila ya kugeuza shingo:

"Niulize."

"Nikuulize nini, Mwalimu?"

"Unajua."

Nilijua. Nilitamani kuwa bado nipo kwenye vyungu vya maua. "Trekta," nikasema, "lilikuwa na rangi gani?"

Kona ikaja, tukaipita. Nyingine.

"Sijui," alisema.

Tukaendelea hadi jioni, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kurudi na kwa sababu hakutaka kushuka. Hatukuzungumza juu ya jambo lile, lakini tulipata utaratibu: kikija kitu kushoto, namgusa bega la kushoto, njia ikiwa tupu, naacha mkono ukae. Alikuwa anaitikia upesi kiasi kwamba mtu aliyekuwa nyuma yetu asingejua kitu. Kiongozi, tulipoagana, alimwambia kwamba katika kundi lote yeye ndiye aliyeendesha vizuri zaidi. Mimi alinishika mkono muda mrefu, kama anayempa mtu pole.

Kwenye uwanja wa ndege wa Muscat binti yake alitungojea. Mwalimu alipokwenda kutazama mizigo akanivuta pembeni. "Ehe. Anaendeshaje?"

Nikamsimulia nilivyoanguka. Nilimsimulia kwa urefu, na vyungu, na rangi za maua, na mama wa shamba na bilauri. Watu wanasema naeleza vizuri ninapojicheka, na nimegundua kwamba hiyo ni njia nzuri sana ya kutojibu swali. Alicheka, akanitazama, akangoja. Nikasema miguu inaniuma. Akasema atanipigia simu.

Alipiga, na kwa siku kadhaa nilikuwa mtu wa mikutano mingi. Usiku sikulala vizuri. Nikisema hawezi, nimemkalisha sebuleni kungoja honi. Nikisema anaweza, siku moja upande wa kushoto hautakuwa na nguzo, atakuwa mtu.

Alkhamisi, baada ya alasiri, nilisikia gari nje, na nikalijua. Nilitoka. Lilikuwa limesimama mbele ya geti langu, gurudumu la mbele la kushoto limepanda juu ya ukingo wa njia. Mwalimu alikuwa amekwisha kushuka upande wa dereva, amezunguka, amekaa kiti cha abiria, mkanda umefungwa, mkoba mapajani.

"Panda," alisema. "Twende Wattaya."

"Mwalimu, nna darasa la kutayarisha."

"Hao vijana umewatesa vya kutosha. Panda."

Nikapanda. Ufunguo ulikuwa pale pale. Nikaliteremsha gari kutoka ukingoni kwa kelele ambayo hakuisemea kitu.

"Nimekwisha kumwambia binti yangu," alisema tulipofika barabara kubwa. "Jana. Na kwa daktari nimekwenda. Jicho la kushoto limezeeka mbele yangu, anasema, halitorudi. Nimemwambia mwenyewe, kwa sababu nlijua ukimwambia wewe utaanza na utangulizi."

"Anasemaje?"

"Alitaka funguo. Nimemwambia funguo nshampa dereva." Akalitafuta kopo chini ya kiti, akalifungua, akala mkate wa ufuta ndani ya gari, mchana kweupe. "Kila Alkhamisi, na kukiwa na msiba. Wanafunzi wengine wataka zamu pia, nimewaambia wangoje, nianze na aliye mbovu kuliko wote."

"Na kama nikikataa?"

"Kataa."

Nilikuwa nashughulika na gia.

"Nimekaa nikafikiri," aliendelea. "Mimi kulia naona vizuri. Nikikaa huku, kulia kote ni kwangu. Na huko nisikokuona," akanyoosha kidole upande wangu bila ya kunitazama, "nimekuweka wewe."

Mguu wake ulikuwa umetua juu ya pedali, kiatu kimevuliwa. Haukukanyaga. Gari moja likatujia kwa kasi kutoka nyuma, likatupita kushoto, karibu sana, likapotea mbele baina ya mengine. Mwalimu aliacha kutafuna.

"Lilikuwa na rangi gani?"

Nilifungua mdomo nijibu kama siku zote, kisha nikaufunga. Sauti yake haikuwa ile ya zamani. Alikuwa anataka kujua. Nikalitafuta lile gari mbele, taratibu, gari moja baada ya jingine, mpaka nikaliona.

"La kijani," nikasema. "Kioo cha nyuma kimepasuka. Dereva anazungumza na simu."

"Ahaa," alisema, akarudi kutafuna. "Muache aende zake."